Somo: Kupasha mwili kwa maji, mikoko, kaa na upepo

Somo hili ni la walimu wa ngoma na dansi wenye wanafunzi wa miaka 8 kwenda juu. Lachukua dakika kama 20. Nimelipanga kwa vitu ambavyo mtoto wa Mombasa huviona bila kupanda matatu ya mbali.

Jambo moja kwanza, maana ndipo masomo ya aina hii yanapoharibika. Ukimwambia mtoto "kuwa mti", atanyanyua mikono na kusimama pale. Moyo haujaamka, misuli imelala, dakika tano zimekwenda. Usimpe umbo, mpe kinachosukuma. Mti umeshikwa na nini huko chini? Kaa akianza kukimbia, anasukumia mguu gani? Mwili wenyewe utalitafuta umbo.

Mahitaji: nafasi ya kunyoosha mikono bila kugongana, maji ya kunywa, na ngoma (hata meza ya kupiga kwa kiganja yatosha). Kama sakafu ni simiti tupu, kuruka hakuna.

Hatua ya 1: Maji kupwa, maji kujaa

Kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kiasi cha saa sita kutoka kupwa hadi kujaa. Mvuvi yeyote atakwambia hayapandi kwa kasi moja. Saa ya kwanza yasogea kidogo, ya pili yaongeza, ya tatu na ya nne ndiyo yakimbiayo, kisha yapunguza mpaka yasimame. Ukikigawa kimo chote mafungu 12, saa hizo sita huchukua takriban 1, 2, 3, 3, 2, 1.

Wanafunzi wasimame miguu upana wa nyonga, wainame, kichwa na mikono vining'inie, magoti yalegee. Hayo ni maji kupwa. Hesabu sita polepole, nao wainuke pingili kwa pingili: kwa moja karibu usiwaone wakisogea, kwa tatu na nne mgongo ukunjuke, kwa sita mikono iwe juu na pumzi imejaa kifuani. Hesabu sita tena, washuke wakitoa pumzi.

Wakishazoea, waambie leo bamvua, maji yajaapo na kupwa kupita kiasi, mwezi umekamilika. Washuke mpaka vidole viguse sakafu, wapande mpaka visigino vinyanyuke. Kisha maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana: mwendo ni uleule, lakini mdogo, kifuani na mabegani tu. Watoto hupenda bamvua. Mimi macho yangu huyaweka kwenye maji mafu, kwani hapo ndipo hujulikana nani anautumia uti wa mgongo na nani anarusha mikono tu.

Hesabu sita hizi zina faida nyingine. Chakacha, ngoma yetu ya pwani ya kuzungusha kiuno, huenda kwa sita kwa nane, yaani mapigo sita kila mzunguko. Basi ongeza kasi, hamishia mwendo kiunoni, mzunguko mmoja wa nyonga kwa kila hesabu sita, na darasa limeshaingia kwenye mdundo bila kuhubiriwa.

Hatua ya 2: Mikoko

Fupi, lakini msiiruke. Mkoko hushuka mizizi kutoka shinani ikajikita topeni pande zote; mchu, mti mwingine wa jamii ya mikoko, huchomoza vijiti vya kupumulia kutoka ardhini. Kwa mkoko, mwanafunzi abonyeze sakafu kwa kidole gumba, kidole kidogo na kisigino, kisha apeleke uzito mbele, nyuma na kando bila nyayo kubanduka. Kwa mchu, ainue visigino na kuvishusha taratibu, mara kumi. Kifundo cha mguu ndicho kiumiacho mara nyingi kwa mchezaji.

Hatua ya 3: Kaa

Hapa moyo uanze kwenda mbio. Kaa hutembea kando kwa kuwa viungo vya miguu yake hukunjika upande. Yule wa mchangani hukimbia, akasimama ghafla, akageuza, akatoweka shimoni. Wanafunzi wakunje magoti, nyonga zishuke, goti lielekee vidole vya mguu vielekeako. Ngoma ikilia, waende kulia kwa hatua ndogo za haraka. Ikikatika, wagande. Pigo moja zito, wageuze upande. Mapigo mawili, shimoni: wachuchumae, mikono iguse sakafu, kisha watoke polepole, macho yakitangulia.

Mkishapata jasho, mleteni kaa dume wa topeni, yule wa gando moja kubwa. Kubwa hulipunga kuwaita majike, dogo ndilo la kulia chakula. Mkono mmoja uchore duara kubwa kutoka begani, wa pili udonoe haraka haraka mbele ya mdomo. Kisha wabadilishe mikono. Ni gumu kuliko linavyosikika, na kicheko hakikosi. Kiacheni.

Hatua ya 4: Kusi na kaskazi

Waelekeze baharini. Upepo wa kusi huwajia kutoka mbele kulia, nao una nguvu. Upepo wa kaskazi huwajia kutoka mbele kushoto. Wavuke ukumbi wakipambana na kusi, kisha wavuke wakijiachia kwa kaskazi. Rudolf Laban (1879–1958), mtaalamu wa dansi, aliuchambua mwendo kwa mambo manne: uzito, muda, nafasi na mtiririko. Kila mnapovuka badilisha moja tu. Ukibadilisha yote kwa pamoja, utapata vurugu.

Kunyoosha misuli kwa kuishikilia muda mrefu kuweke mwisho wa kipindi, si hapa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu wa msingi, Likoni:* Shikamoo mwalimu. Darasa langu limejaa madawati, watoto ni wengi. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Hatua ya 1 na ya 2 hufanyika mtu akiwa amesimama kando ya dawati lake. Kaa mfanye wa mikono peke yake. Kusi na kaskazi subiri uwanjani, asubuhi kabla jua halijawa kali.

*Kijana wa Majengo:* Mwalimu, kwa joto hili la Februari si tumeshapashika tayari?

Ngozi imepashika, viungo bado. Fupisha kaa, kunyweni maji katikati, lakini hatua ya maji na ya mikoko msizipunguze.

*Mwanachama wa Kisauni:* Mbona hamna simba wala tumbili? Watoto hupenda wanyama.

Walete, ukijua ni misuli gani unaitaka. Tumbili wa kujikuna na kupiga kelele hampashi mtu. Tumbili anayening'inia, akivuta bega lake kutoka mbavuni, huyo nampokea.

*Mama wa wanafunzi wawili:* Mwalimu, binti yangu huvaa hijabu na buibui, na darasani mna wavulana. Hili la kuinama na kuchuchumaa lanitia wasiwasi.

Mamangu, wasiwasi wako una haki. Avae suruali pana na kanzu ya kufika magotini, mtandio aubane kwa pini nyuma, buibui asilivae wakati wa zoezi la kaa kwani atalikanyaga. Mwalimu naye awapange wasichana nyuma, au awape nusu yao ya ukumbi. Kuinama asipopenda, maji kupwa ayaanzie kwenye kiti, mgongo umekunjwa juu ya magoti. Hesabu ni zilezile sita.