Hilux ya zamani ya petroli inatetemeka silensa? Anza na mipira ya vakyumu, kabureta baadaye

Ukifungua boneti ya Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, ile ya petroli cc 2,366, unakutana na mipira myeusi myembamba ya vakyumu, yaani inayobeba mvuto wa hewa wa injini, imepishana kila upande, mmoja unaenda EGR (valvu inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini), mwingine distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi), mwingine kwenye kopo la mkaa linalonyonya mvuke wa petroli, na mafundi wengi wa mtaani dawa yao ni moja tu, ng'oa yote ziba na skrubu. Usikubali haraka hivyo. Mingi iliwekwa kupunguza moshi mchafu kweli, ila humohumo kuna inayogusa breki na taimingi ya moto wa plagi, ukiiziba kwa mkupuo unaongeza ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani na hutajua upi ni upi.

Kwanza hakikisha shida ni hewa kweli. Silensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, inapanda yenyewe au inacheza cheza, gari inatetemeka ukisimama alafu ukikanyaga mafuta inatulia, hapo kuna hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikimisi mwendo wote we kaangalie plagi na waya zake. Pedali ya breki ikiwa ngumu ghafla na silensa nayo imeharibika, mtuhumiwa ni ule mpira mnene wa busta inayosaidia breki, hiyo gari usiendeshe mpaka mpira huo ubadilishwe. Harufu ya petroli ukiipaki juani inakupeleka kwenye kopo la mkaa.

Injini ikiwa ya baridi piga picha kila upande kwa simu, maana ile stika ya mchoro wa mipira chini ya boneti kwa magari ya umri huu mara nyingi imeshabanduka au imefifia. Alafu kunja ncha ya kila mpira kwa vidole. Kwa jua la Dodoma na joto la injini mpira unakauka na unapasuka pale pale mwishoni, sentimita moja ya mwisho inapokaa kwenye chuchu, kile kibomba unapochomekwa, ukiuangalia kwa mbali unaona mzima ila ukiukunja unaona mipasuko kama ya mbuga ya Bahi wakati wa kiangazi. Kama una urefu wa ziada kata hiyo sentimita urudishe, hujatumia hata shilingi. Usivute kwa nguvu, zungusha kwanza, na ukigoma uchane kwa urefu na wembe, kwa sababu zile chuchu za plastiki zimezeeka kama gari lenyewe na zikivunjika utazunguka maduka yote ya spea mjini.

Macho yakishindwa washa gari, chukua kipande cha mpira kama cha mita moja, upande mmoja sikioni, mwingine upitishe karibu na kila kiungio, pale panapovuja utasikia inafyonza. Au nyunyiza maji kidogo kidogo na chupa ya kunyunyizia, silensa ikibadilika umeshapata, ila maji weka mbali na distribyuta na waya za plagi. Wapo wanaopuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta, inafanya kazi, ila ekzosi iko hapo hapo na moto hauna rafiki. Na angalia feni, mikono mirefu kunja.

Ukiwa na geji ya vakyumu, vitabu vinasema inchi 17 hadi 21 za zebaki ikiwa silensa, hizo ni za usawa wa bahari. Kila mita 300 unazopanda inapungua kama inchi 1, na Dodoma mjini tuko juu ya mita 1,100, kwa hiyo 14 mpaka 17 iliyotulia ni injini nzima, usianze kutafuta ugonjwa ambao haupo.

EGR ndo inayosingiziwa sana. Injini ikiwa imepata moto na iko silensa, peleka vakyumu ya moja kwa moja kwenye valvu yake, gari inatakiwa itetemeke vibaya au izime. Isipofanya kitu, valvu imekwama au daiframu, ile ngozi yake ya ndani, imetoboka au njia imejaa masizi. Ikiwa inafanya kazi hapo ila mwendoni haifunguki, fungua kile kifuniko cha juu cha moduleta yake, kidude kinachodhibiti vakyumu inayoifikia, ndani kuna filta ndogo, kwa vumbi la huku linakuwa limejaa mpaka hewa haipiti, toa upulize. Distribyuta nayo, nyonya mpira wake kwa mdomo alafu ziba na ulimi, bamba la ndani lazima lisogee na libaki limesogea, likirudi lenyewe daiframu imeisha.

Kubadilisha, toa mmoja weka mmoja. Nenda na kipande cha zamani dukani maana unene unatofautiana, na ukiletewa mpira wa dripu kataa, ukipata joto unalegea na unajibana wenyewe. Silikoni ni nzuri kwa mipira inayobeba vakyumu tupu, ila kwenye kopo la mkaa na ile inayopitisha mvuke wa oili weka mpira wa mafuta, silikoni haiendani na petroli. Vile vidude vya plastiki vya mviringo vyenye rangi mbili vilivyo katikati ya mipira vina upande wake, ukigeuza vakyumu inafika kwa wakati usio wake, ndo maana nimesema picha.

Ukimaliza ipashe moto mpaka iwe ya kawaida ndo ushike skrubu ya silensa, maana mara nyingi kuna mtu aliichezea kuficha huo uvujaji, usishangae sasa hivi ikawa chini sana au inazima kabisa.