Ada ya taimushea inapanda huku hoteli inachakaa: dai hesabu kwanza, usikimbilie kugoma

Bili ya mwaka imekuja kubwa kuliko ya mwaka jana, bwawa limefungwa, lifti haifanyi kazi, magodoro ni yaleyale, na wenye taimushea (haki uliyonunua ya kukaa hotelini wiki fulani kila mwaka, huku ukilipa ada ya matunzo) wengi hapo wanasema silipi ng'o. Hasira hiyo ni halali kabisa ila jamani usianzie hapo. Ukiacha kulipa tu, mikataba mingi inawaruhusu wenye hoteli wakupige faini na riba, wakuzuie kutumia wiki yako, deni wawape wakusanya madeni, na kama ni ile yenye hati (unamiliki wiki yako kwa hati ya umiliki) wanaweza hata kuichukua, mwisho wa siku mkosaji unakuwa wewe na walioharibu hoteli hawaulizwi kitu.

Toa mkataba wako na katiba ya chama cha wamiliki usome: ada inapangwa na nani, una haki gani ya kuona vitabu vya hesabu, na mgogoro unapelekwa wapi, mahakamani au kwa msuluhishi na nchi gani. Angalia pia ulinunua nini hasa. Yenye hati mara nyingi ina chama na bodi mnayoipigia kura kwa hiyo mna nguvu, lakini ya pointi (unanunua pointi unazobadilisha na siku za kukaa) mara nyingi kampuni ndo imeshika usukani na tegemeo lenu linabaki mkataba na sheria za kumlinda mlaji.

Sasa omba hesabu, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Omba bajeti za miaka kadhaa, ripoti za mkaguzi, mihtasari ya vikao vya bodi, mkataba wa kampuni inayoendesha hoteli na taarifa ya mfuko wa akiba. Wakikuambia ni siri usikubali haraka, angalia sheria ya pale hoteli ilipo, Florida kwa mfano sheria ya taimushea (sura ya 721) inampa mmiliki haki ya kukagua vitabu.

Ukishapata, nenda moja kwa moja kwenye mfuko wa akiba. Hizo ni hela mnazochanga kila mwaka kwa ajili ya paa, lifti, fanicha, vitu vikubwa, kwa hiyo kama leo mnaletewa mchango maalumu wa paa na miaka yote mlikuwa mnakatwa hela ya paa, ulizeni ilienda wapi. Halafu soma malipo ya kampuni ya uendeshaji, kuna mikataba inawalipa asilimia ya bajeti yaani matumizi yakipanda na wao wanapanda, na uangalie kama mafundi na wasambazaji ni kampuni dada zao. Kingine watu hawakiulizi kabisa: wiki ambazo hazijauzwa na zile za walioshindwa kulipa, ada yake analipa nani? Kama mwenye mradi (kampuni iliyojenga na kuuza hizo wiki) hazilipii wakati mkataba unamtaka alipe, basi pengo lake mnaliziba nyinyi.

Kila unachodai kiwe na ushahidi wake, bajeti ikisema rangi ilipakwa weka picha ya ukuta unaobanduka yenye tarehe, pamoja na imeili ulizolalamika. Ada yenyewe, njia salama kwa wengi ni kulipa ukiandika kwamba unalipa huku unapinga na haki yako ya kudai hujaiacha. Kuzuia sehemu ya ada fanya tu kama wakili aliyesoma mkataba wako amekuambia inawezekana.

Na usiende peke yako!! Barua ya mtu mmoja inawekwa kapuni ila za wamiliki mia wakiuliza maswali yaleyale zinaisumbua bodi. Omba orodha ya wamiliki, angalia katiba inataka sahihi ngapi kuitisha mkutano wa dharura, kisha kusanyeni kura za uwakilishi za wasioweza kuja, maana bodi mbovu inakaa miaka na miaka kwa kura za watu ambao hawahudhurii. Pigeni kura ya mkaguzi huru na ikibidi bodi mpya na meneja mpya. Bodi ikigoma, ndo mnaenda kwa mamlaka ya kulinda walaji au mahakamani.

Hoteli ikikuambia shida itaisha ukihamia kwenye pointi, huo ni mkataba mpya na ada mpya, usisaini siku hiyohiyo. Umoja wa Ulaya una agizo la 2008 linalokupa siku 14 za kujitoa na ndani ya siku hizo hawaruhusiwi kuchukua hela yako.

Ukianza kulalamika unaweza kupigiwa simu na watu wanaoahidi kukutoa kwenye mkataba au kukutafutia mnunuzi wa wiki yako ila utangulize hela. Kata simu. Julai 2024 FBI (shirika la upelelezi la Marekani) na Wizara ya Fedha ya Marekani walitoa onyo kwamba magenge ya dawa za kulevya ya Mexico yanawaibia wenye taimushea zilizoko Mexico kwa mtindo huu, na ukishaibiwa wanarudi tena wakijifanya mawakili au maofisa wa serikali wa kukurudishia hela, kwa malipo mengine.