Tope la masika: miguu ya punda na maksai ikaushwe kabla ya kutafuta dawa

Mvua zikishashika Igunga na Nzega, mkoani Tabora, kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo mweusi wa mbugani haumpi mnyama nafasi. Maksai analima asubuhi akiwa amezama kwenye tope kupita kwato, jioni anarudi zizini kusimama kwenye tope jingine lililochanganyika na mavi na mkojo. Punda anayetoa mpunga majarubani naye ni hivyo hivyo. Ngozi ya juu ya kwato haipati hata usiku mmoja wa kukauka. Mnyama akianza kuchechemea, wengi wetu tunakimbilia duka la dawa, wakati dawa ya kwanza ni mahali pakavu pa kulala.

Ngozi iliyolowa muda mrefu hulainika na kupasuka nyufa ndogo ndogo, kisha mchanga na vijiti vya kwenye tope huikwangua. Hapo huingia bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1915 kwa ng'ombe wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, lakini yuko hata kwenye nchi za baridi. Uingereza na Uskoti wana farasi wakubwa wa kazi, Shire na Clydesdale, wenye manyoya marefu yanayoshuka hadi kufunika kwato. Majira yao ya baridi yana mvua nyingi, tope linanasa kwenye manyoya hayo, na chini yake ngozi inajaa magaga, yaani vigaga vya vidonda vilivyogandamana na manyoya. Punda wetu hana manyoya marefu miguuni, ila ana udhaifu wake. Asili yake ni nchi kame, na manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya farasi. Kumwacha nje kwenye mvua usiku kucha ni kumtesa.

Bakteria huyu anaweza kukaa miezi mingi ndani ya gaga kavu. Gaga likilowa, anaamka na kusambaa. Ndiyo maana siungi mkono desturi ya kumwosha mnyama miguu kila jioni, ingawa anayefanya hivyo anafanya kwa upendo. Mwache tope likauke lenyewe, kisha lipanguse kwa brashi ngumu au kipande cha gunia kikavu. Ikibidi kuosha, labda kwa sababu ya jeraha, usimrudishe zizini kabla hujamfuta kwa kitambaa kikavu, hasa nyuma ya kifundo pale ngozi inapojikunja.

Macho peke yake hayatoshi kukagua. Chuchumaa ubavuni mwa mnyama, usikae nyuma yake, upitishe vidole mguuni kinyume cha manyoya, kuanzia chini ya goti hadi kwenye ukwato. Magaga utayahisi kama changarawe kabla hujayaona. Ukivuta kidogo, gaga linang'oka na kishungi cha manyoya, na chini yake ngozi ni nyekundu na ina majimaji. Usiyabandue kwa nguvu yakiwa makavu, maana unafungua vidonda vipya. Yalainishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwa dakika kumi hivi, toa yale yanayokubali, suuza kwa ayodini iliyochanganywa na maji hadi iwe rangi ya chai nyepesi, kisha kausha kabisa. Magaga yachome moto, na nawa mikono kwa sabuni kwa sababu binadamu naye anaweza kuambukizwa. Oili chafu ya gari usipake. Inaunguza ngozi na kufungia unyevu ndani.

Kama punda hufungwa kamba miguuni usiku, masika hii ifungue. Kamba yenye tope inakata ngozi pale pale panapougua. Wayo wake nao uchokolewe kila siku kwa kijiti butu, pande zote mbili za ile sehemu laini ya pembetatu katikati. Harufu mbaya na uchafu mweusi ni dalili kwamba panaoza.

Ng'ombe ana tatizo lake la ziada, kuoza kati ya kwato. Huanza ghafla: mguu mmoja unavimba juu ya kwato, mnyama hataki kuukanyagia, na ukipanua kwato unakuta mpasuko unaonuka. Akitibiwa siku za mwanzo hupona vizuri kwa sindano atakayoielekeza afisa mifugo. Kwa kinga, wapitishe ng'ombe kwenye maji ya mrututu (salfeti ya shaba), gramu 50 kwa kila lita, miguu ikiwa imeshatolewa tope. Kondoo wasiyanywe, kwao ni sumu kali, na yasimwagwe karibu na lambo. Lakini ukiona ng'ombe kadhaa wanachechemea kwa pamoja, wanatoa mate na wana malengelenge ulimini, huo ni ugonjwa wa miguu na midomo. Usihamishe mnyama yeyote, toa taarifa kijijini siku hiyo hiyo. Punda haupati ugonjwa huo.

Sasa zizi, ambalo ndilo kazi yenyewe. Lihamishie sehemu iliyoinuka kabla ya Novemba, na uchimbe mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando. Kama huwezi kuezeka lote, ezeka kona moja inayowatosha wanyama wote kulala. Sakafu ya kona hiyo jaza udongo wa kichuguu, mwagia maji kidogo na uushindilie kama unavyofanya kwa sakafu ya nyumba. Chini ya paa hudumu vizuri, ila ukinyeshewa unageuka tope. Juu yake tandika maganda ya mpunga au mabua makavu, na uyatoe yakilowa. Mlangoni na penye birika, ambapo wanyama husongamana, mwaga moramu au kokoto. Mwenye nguvu ya kufanya jambo moja tu afanye hiyo kona.

Usisahau kupe. Yule mkubwa mwenye mabaka ya rangi mgongoni, anayependa kiwele na kati ya kwato, huufanya ugonjwa wa magaga kwa ng'ombe kuwa mkali zaidi, kwa hiyo kuogesha kusikatizwe masika. Hapo angalia jambo moja. Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi ni ya ng'ombe. Kwa jamii ya farasi, punda akiwemo, inaweza kusimamisha utumbo na kumuua mnyama. Soma maandishi ya chupa kabla ya kuchanganya. Punda mtoe kupe kwa mkono, au mpake dawa ambayo afisa mifugo amekuthibitishia kuwa ni salama kwake.