Somo: Kuwavusha mabinti msimu wa baridi, hatua kwa vikundi vya kanisa Dodoma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wengi mmeniomba niandike namna kikundi cha kanisa kinavyoweza kuwashika mkono mabinti wa familia zisizo na uwezo kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma hapa kwetu. Mgeni hudhani Dodoma ni jua na vumbi tu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Mwenye blanketi zito hulala vizuri. Mtoto anayelala kwenye mkeka chini ya bati, akigawana kanga moja na wadogo zake, hukesha.

Niseme mapema ninachoamini. Kinachonitia hofu zaidi ya baridi yenyewe ni mtu atakayelitangulia kanisa kumpa binti anachokosa: sweta, nauli, lifti ya bodaboda alfajiri wakati giza halijaisha. Anayempa ndiye atakayekuja kumdai. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinalenga msaada ufike mapema, na utoke kwenye mikono isiyodai kitu.

Hatua ya 1: Anzeni Machi

Mkisubiri Juni mmechelewa. Pelekeni wazo kwenye baraza la parokia au halmashauri ya usharika, fedha ziingie kwenye akaunti ya kanisa, na mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya waumini. Machi ghala za wakulima wengi zimekauka, basi msiwabane. Wenye mishahara watoe fedha kwanza, na mkulima aandike ahadi ya debe la mtama au uwele atakalolileta baada ya mavuno. Nafaka hiyo msiigawe Julai, mavuno yakiwa mazuri. Iwekeni hadi Januari, ndipo njaa inapobisha hodi na shule zinapofunguliwa.

Hatua ya 2: Watafuteni wasioonekana

Msitangaze madhabahuni kwamba wenye shida wajiandikishe. Atakuja mwenye ujasiri, mwenye aibu atabaki nyumbani. Waulizeni mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, mwalimu wa malezi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kila mmoja kwa wakati wake, kisha mlinganishe majina.

Wanaosahaulika zaidi ni wanafunzi wa shule za kata waliopangishiwa vyumba karibu na shule kwa sababu nyumbani ni mbali. Watu huwaita watoto wa geto na kuwapuuza. Binti wa kidato cha pili anajipikia, anajifungia mlango usio na komeo, na mzazi yuko kijijini. Wengine ni wanaolelewa na bibi, na waliojifungua wakiwa bado wadogo. Na kabla hamjatoka kwenda mitaani, kila mama aangalie nyumbani kwake: msichana wa kazi aliyetoka kijijini analalia nini? Anzeni na huyo.

Hatua ya 3: Mtembelee kabla ya kununua

Nendeni wawili, mmoja wenu lazima awe mwanamke, tena mchana. Mwanamume asiende peke yake hata kama ni mzee wa kanisa anayeheshimika; kanuni hii isiwe na msamaha. Salimieni, kaeni, ongeeni kwanza na mlezi. Kisha muulizeni binti maswali ya kawaida: unalala wapi, unalala na nani, unaamka saa ngapi, unafikaje shule? Majibu hayo yatawaambia mengi kuliko fomu.

Iangalieni nyumba kwa heshima. Tembe la udongo hutunza joto la mchana, kwa hiyo binti wa kijijini anaweza kuwa na nafuu kuliko aliyepanga chumba cha bati mjini, Chang'ombe au Nkuhungu, upepo ukipita kati ya ukuta na paa. Huyu wa pili anaweza kuhitaji komeo la mlango na gunia la kuziba upenyo kabla ya sweta.

Daftari la majina likae kwa mtu mmoja. Kwenye taarifa ya kikundi tumieni namba.

Hatua ya 4: Kununua

Nendeni soko la Sabasaba au la Majengo Aprili au Mei, wateja wa baridi hawajajaa. Blanketi zito, sweta ya rangi ya shule yake, soksi, viatu, mafuta ya mgando kwa sababu upepo huu hupasua ngozi, na taulo za kike. Nguo za ndani ziwe mpya. Za mitumba zimepigwa marufuku na TBS, shirika letu la viwango.

Hatua ya 5: Namna ya kutoa

Hapa ndipo vikundi vingi huharibu kazi nzuri. Binti anapangwa mstari mbele ya kanisa, anakabidhiwa blanketi huku anapigwa picha, mgeni rasmi anahutubia. Jumatatu darasani anaitwa mtoto wa msaada, na mwakani atakataa hata kama anatetemeka. Wapelekeeni nyumbani, jioni, kwenye mfuko wa kawaida. Mkabidhini mlezi na binti pamoja, ombeni nao wakikubali, kisha ageni.

Msitoe blanketi la mtu mmoja kwenye kitanda cha watu watatu. Dada mkubwa atawafunika wadogo na yeye atabaki nje. Hesabuni walalaji.

Msiangalie dini wala dhehebu. Majirani zetu Waislamu ni wengi, na baridi yao ni hii hii. Msimwekee binti sharti la kuja ibadani. Yakobo aliwakemea wanaomwambia mhitaji aende kwa amani akaote moto bila kumpa kitu. Hakusema tumpe aliye wetu tu.

Hatua ya 6: Jiko la mkaa

Mkikabidhi blanketi, semeni na hili kila nyumba bila kuchoka: jiko la mkaa lisilale ndani. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na chumba kilichozibwa kwa sababu ya baridi hujaa hewa hiyo haraka. Watu hulala wasiamke. Likitumika kupikia ndani, mlango na dirisha viwe wazi, na kabla ya kulala litolewe nje hata kama makaa yanaonekana yamekufa.

Hatua ya 7: Likizo ya Juni

Shule zimefungwa, mavuno yameingia, na posa huanza kupelekwa. Wapo pia wanaokuja kuchukua wasichana kwenda kazi za ndani Dar es Salaam. Kila binti awe na mama mmoja wa kikundi anayepita kumsalimia likizo nzima. Mzazi aelezwe kwa upole kwamba tangu sheria ya elimu iliporekebishwa 2016, kumuoa mwanafunzi ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Shule zikifunguliwa Julai, hakikisheni amerudi.

Maswali ya wanakikundi

*Mama kutoka Chamwino:* Shikamoo mama. Tulimpa binti blanketi, baba yake akaliuza akanywea pombe. Tumkate kwenye orodha?

Marahaba mwanangu. Hapana, binti hajakosa kitu. Ulizeni kwanza kama liliuzwa kwa pombe au kwa unga, maana majirani husema haraka. Kama ni pombe, wazee wawili wa kanisa wakae na baba, na blanketi jipya lishonwe jina la mtoto kwa uzi mnene pembeni. Halina soko tena. Ikishindikana, shangazi au bibi alitunze.

*Kijana wa Mkonze:* Tuna marafiki Ulaya wanaotaka kutuchangia, ila wanataka picha za mabinti. Pia mwaka jana walituma makoti mazito yakafika Januari.

Wapigieni picha za marundo ya blanketi, risiti, na barua ya mchungaji. Nyuso za watoto hapana; tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, ni watoto. Kuhusu makoti, baridi yao ni Desemba hadi Februari, hivyo hufikiria tunaumwa na baridi wakati huo huo. Waandikieni kwa shukrani, muwaeleze majira yetu, muombe wachange fedha kabla ya Aprili. Blanketi la Sabasaba linafaa zaidi, na muuzaji wake naye ana watoto.

*Mwalimu wa Bahi:* Binti aliyejifungua akiwa darasa la saba, shule itampokea?

Ndiyo, mwalimu. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi shuleni. Msaada wake uwe wa wawili: blanketi lake, nguo za joto za mtoto, na mtu wa kumlea mtoto asubuhi. Bila huyo wa kumlea mtoto hatarudi.

*Mama wa Kongwa:* Mbukwenyi! Tulimkuta mama mwenye kichanga cha kike, bibi anasema kina lawalawa na anataka kukikeketa. Tulinyamaza kwa kuwa tulikwenda kwa ajili ya dada yake.

Mbukwenyi, mama. Msinyamaze. Lawalawa ni maambukizi, hutibika zahanati kwa dawa na usafi. Kukeketa hakuponyi kitu, na ni kosa la jinai. Msindikizeni mama zahanati leo leo. Bibi akishikilia msimamo, pigeni simu 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure, au nendeni dawati la jinsia na watoto polisi. Afisa ustawi wa jamii wa kata naye ajue.

*Baba mmoja wa Ntyuka:* Na wavulana je? Wao hawasikii baridi?

Wanasikia, baba. Ndiyo maana tunahesabu walalaji wote kitandani, kaka zake wakiwemo. Sweta na viatu vya wavulana wanaume wa kanisa wavichangie, na nitafurahi ukiongoza wewe.