Nunua bedi, usinunue rangi: mashine ya kukereza chuma iliyotumika kwa karakana ya nyumbani

Mashine yangu ya kwanza niliipenda kwa rangi. Dalali alikuwa ameipaka kijani kibichi kinachong'aa, akaiwasha, ikazunguka kimya, nami nikatoa hela siku ileile. Nilipokereza shafti ya kwanza ya pampu, kipenyo cha mwanzo hakikulingana na cha mwisho. Nikatazama chini ya ile rangi: bedi, yaani reli ndefu za chuma zinazobeba mashine nzima, imelika. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nililifunga mwenyewe kwa haraka yangu.

Ya pili ni Colchester Student ya Kiingereza. Niliinunua kwa mzee mmoja fundi aliyestaafu, ikiwa imefunikwa grisi na vumbi, na ndiyo inayonilisha hadi leo. Ninayoyaandika hapa ni yale yaliyozitofautisha mashine hizi mbili.

Hatua ya 1: Jua kazi yako na umeme wako

Ukubwa wa mashine hutajwa kwa vipimo viwili: kipenyo kikubwa kinachoweza kuzunguka juu ya bedi, na urefu wa kazi kati ya kichwa (upande unaoizungusha kazi) na mkia (tegemeo la upande wa pili). Myford ML7 huzungusha kama milimita 178 na hukaa juu ya meza imara. Student huzungusha takriban milimita 300, na uzito wake unapita nusu tani. Kwa bushi za pikipiki, pini na shafti fupi za pampu, ndogo inatosha. Kwa ngoma za breki za gari, haitoshi.

Kisha umeme. Mashine nyingi zilizotoka viwandani na vyuoni zina mota ya fezi tatu, na nyumbani tuna fezi moja ya volti 230. Soma kibao cha mota kabla ya kusikia lolote kutoka kwa muuzaji. Kikiandikwa 220/380 au 230/400, mota inaweza kuunganishwa kwa delta na kuendeshwa na invata ya mota, ile inayopokea fezi moja na kutoa tatu (si invata ya sola). Kikiandikwa 380/660 au 400/690, invata ya kawaida ya volti 230 haitaipa nguvu yake, kwa hiyo weka gharama ya mota nyingine kwenye hesabu. Mota za kasi mbili nazo zina matatizo yake. Mwite fundi umeme mzoefu aione kabla hujalipa. Na waya za invata ziende moja kwa moja kwenye mota. Swichi ya zamani ya mbele na nyuma isikae katikati yake, itaiunguza invata.

Hatua ya 2: Kagua bedi kabla ya kitu kingine chochote

Nenda mchana, ukiwa na kitambaa, mafuta ya taa kidogo, tochi, maikromita, saa ya kupimia yenye kishikio cha sumaku, na kipande cha chuma cha mviringo cha milimita 30 hivi. Mwombe muuzaji mashine isiwashwe kabla hujafika.

Futa bedi. Pitisha ukucha kwenye njia za kigari (kile kinachobeba kisu na kuteleza juu ya bedi) karibu na chaki, yaani lile bano la taya linaloshika kazi. Kazi nyingi hufanyika pale, na pale ndipo bedi huanza kulika. Ukucha ukikwama kwenye ukingo kama ngazi ndogo, bedi imelika sana.

Jaribio lenye kusema kweli zaidi ni hili: sogeza kigari hadi karibu na chaki, kaza breki yake taratibu hadi kisogee kwa uzito, kisha kizungushe kuelekea mkia. Kikienda kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, una bedi. Kikikwama kabisa kabla ya kufika nusu, kule mbele pamepungua na kule nyuma bado pana unene wake wa kiwandani. Kurekebisha bedi ni kuisaga upya, na gharama yake mara nyingi inazidi bei ya mashine. Mimi hapo huaga kwa heshima na kuondoka.

Kama bedi ina pengo karibu na kichwa kwa ajili ya kazi pana, uliza kile kipande cha kuliziba. Kila kipande husawazishwa na bedi yake, kwa hiyo kikipotea, cha mashine nyingine hakitakaa sawa.

Hatua ya 3: Shafti kuu, gia na chaki

Shafti kuu, ile inayozungusha chaki, ndiyo moyo. Bana kile chuma kwenye chaki, weka ncha ya saa ya kupimia juu ya pua ya shafti yenyewe, si juu ya chaki, kisha inua kwa mti ulioegemezwa chini ya chuma. Sindano ikiruka zaidi ya milimita 0.03, beringi zimelegea. Usikate tamaa hapo hapo, nyingi zina nati ya kukaza. Ndiyo maana sasa unaiwasha na kuiacha izunguke dakika 20 kwa kasi ya juu ya wastani. Sikiliza. Mlio wa gia ni wa kawaida. Mlio wa kusaga mchanga si wa kawaida. Zima, gusa kichwa cha mashine kwa kiganja: uvuguvugu ni sawa, kama huwezi kuacha mkono hapo, beringi zina shida.

Jaribu kila gia, mashine ikiwa imesimama unapobadilisha. Fungua kifuniko cha pembeni uhesabu meno yaliyovunjika. Shika nati inayojifunga kwenye skrubu ndefu ya kukatia nyuzi, na utazame skrubu hiyo karibu na kichwa: nyuzi zikiwa zimechongoka kama kisu kule na zina tumbo kule mwisho, imetumika sana.

Mpini wa kigari cha kukingama, kile kinachopeleka kisu ndani na nje, ukizunguka nusu duara bila kitu kusogea, wengi hushtuka. Mimi sishtuki. Ni nati ya shaba iliyolika, na utaikereza mwenyewe upya kwa mashine hiyohiyo. Lakini mtajie muuzaji, maana hapo ndipo bei hushuka.

Chaki yenyewe: taya ziwe na namba 1, 2 na 3 na zote za chaki hiyo. Bana chuma safi umulike kwa nyuma. Mwanga ukipita kwenye midomo ya taya, zimepanuka kama tarumbeta.

Mwisho kereza. Acha milimita 100 za chuma nje ya chaki bila kushikwa na mkia, kata kidogo sana, kisha pima karibu na chaki na mwishoni. Tofauti ya 0.02 kwa karakana ya nyumbani ni nzuri mno. Ikifika 0.05, angalia kwanza kama mashine imekaa sawa sakafuni, kwa sababu mashine iliyojipinda kwenye miguu yake hudanganya.

Hatua ya 4: Hesabu vifaa, ndipo uzungumze bei

Chaki ya taya tatu, ya taya nne, sahani ya kufungia kazi, tegemeo la shafti ndefu, kishika visu, kichwa cha kutobolea, seti ya gia za kubadilisha. Ukivinunua kimoja kimoja, vinaweza kulingana na bei ya mashine tupu. Kwenye mashine za inchi ulizia hasa gia yenye meno 127. Inchi 5 ni milimita 127 kamili, na gia hiyo ndiyo inayoiwezesha skrubu ya inchi kukata nyuzi za milimita bila kukosea.

Sakafu ya bei unaijua tayari: uzito wa mashine mara bei ya kilo ya chuma chakavu. Muuzaji hatashuka chini ya hapo. Ukikubaliana, toa arbuni, muandikiane hati ya mauziano yenye namba ya mashine, mashahidi wawepo serikali ya mtaa. Mashine za taasisi huibwa, na hutaki kuja kuulizwa.

Hatua ya 5: Kuibeba

Si mzigo wa kirikuu. Toa mkia na mota, sogeza kigari upande wa mkia ili uzito ulingane, kwa kuwa upande wa kichwa ni mzito na juu ni kuzito kuliko chini. Funga mkanda wa kunyanyulia kwenye bedi. Usifunge kwenye shafti wala kwenye skrubu ndefu. Ikipinda safari imeishia hapo. Ndani ya karakana, mabomba ya inchi moja na mtaimbo vinatosha, mradi asiwepo mtu upande inakoweza kuangukia.

Hatua ya 6: Ukiwa wewe muuzaji

Ioshe, ipake oili, usiipake rangi. Mnunuzi anayejua akiona rangi mpya hujiuliza inaficha nini, na ana haki. Iache imefungwa umeme ili aijaribu. Piga picha ya bedi karibu na chaki kwa mwanga wa pembeni, na rekodi video ukiiwasha ikiwa baridi, ukibadilisha gia, ukikata nyuzi. Kasoro unazozijua ziandike kwenye tangazo lenyewe.

Usiuze chaki peke yake kwa sababu kuna mtu ameitaka haraka. Nimeona mashine nzuri zikiishia kwa wauza chakavu hivyo: leo chaki, kesho gia, keshokutwa imebaki bedi na kichwa, na hakuna fundi anayeweza kuianza tena.

Siku ya kukabidhi, gari likishapakiwa, rudi ndani ufungue droo zote za meza. Ile gia ya 127 mara nyingi imebaki humo.