Namna ya kumhudumia binti aliyepata mtikisiko wa ubongo michezoni

Mchezaji wa netiboli akigongana na mwenzake kichwa kwa kichwa, au mlinda mlango akipigwa goti usoni, atolewe uwanjani papo hapo na asirudi siku hiyo, hata kama amesimama na anasisitiza kwamba yu mzima. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii, kwa hiyo mwalimu wa michezo anayesubiri binti azimie ndipo aamini kwamba ameumia atakuwa amechelewa. Kumwagia maji kichwani ili aendelee kucheza si tiba.

Mwangalieni kama anaumwa kichwa, ana kizunguzungu au kichefuchefu, anaona ukungu, anakerwa na mwanga au kelele, anajibu polepole, au analia bila sababu inayoeleweka. Dalili hizo huweza kujitokeza baada ya saa kadhaa. Katika mpira wa miguu na wa kikapu, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wasichana hupata mtikisiko zaidi kuliko wavulana, na wanaochelewa kutolewa uwanjani huchelewa pia kupona. Nasisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu binti anayelalamika kichwa bwenini huambiwa upesi kwamba ni hedhi au anakwepa masomo. Matroni na aulize kwanza kama aligongwa.

Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akizidi kusinzia au kuchanganyikiwa, akiona vitu viwili viwili, akiwa na ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali mara moja. Shingo ikiuma, asikalishwe wala kupakiwa kwenye bodaboda. Alazwe alipo, kichwa kikiwa kimetulizwa, mpaka afike mwenye ujuzi wa kumbeba. Picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mionzi, hutafuta hasa damu au mfupa uliovunjika, hivyo picha safi haimaanishi kwamba ubongo haukutikisika.

Asiyekuwa na dalili za hatari akae na mtu mzima kwa saa 24 za mwanzo. Usingizi anaruhusiwa. Kwa maumivu apewe parasetamo kwa kipimo cha umri na uzito wake, si aspirini. Apumzike siku moja hadi mbili na kupunguza simu na televisheni, kisha aanze kutembea taratibu. Ushauri wa zamani wa kumfungia katika chumba chenye giza mpaka dalili ziishe umeachwa, kwani mazoezi mepesi yasiyozidisha dalili sana husaidia kupona.

Darasani arudi kwanza, ikibidi kwa nusu siku, kabla ya michezo. Mazoezi yapande hatua kwa hatua, kila hatua isipungue saa 24: kutembea, kukimbia polepole, mazoezi ya mchezo wake peke yake, mazoezi ya pamoja yasiyo na kugongana, na, baada ya ruhusa ya daktari, mazoezi kamili. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo isiyo ya kulipwa unataka mchezaji asirudi mashindanoni kabla ya siku ya 21, na nadhani shule zetu zingefanya vyema kuufuata, hata fainali ikiwa wiki ijayo.

Dalili zikidumu zaidi ya wiki nne, arudi kwa daktari, achunguzwe shingo, macho na uwezo wa kusimama bila kuyumba, na aulizwe faraghani kuhusu usingizi na huzuni.