Jinsi ya Kusoma Riwaya Ambamo Mwili Hugeuka

Msomaji wa Kigoma anayefungua riwaya ambamo mtu anaota magamba, huku jirani zake wakiendelea kuanika dagaa kana kwamba hakuna lililotokea, huwahi mno kuuliza: hili ni fumbo la nini? Mazoea hayo tumeyatoa darasani, ambako kila hadithi ilikamuliwa dhamira, nayo ndiyo yanayoharibu usomaji wa uhalisia mazingaombwe, yaani uandishi ambamo maajabu husimuliwa kama mambo ya kila siku, hasa pale unapochanganywa na vitisho vya mwili, ambavyo hofu yake hutokana na mwili unaogeuka au kuharibika. Kwa kurasa hamsini za mwanzo, kubali kwamba magamba ni magamba.

Kisha mwache aliyegeuka, uwatazame waliomzunguka. Kisa cha mwandishi Franz Kafka cha mwaka 1915, kijulikanacho kwa Kiingereza kama The Metamorphosis, kiliitangulia istilahi ya uhalisia mazingaombwe, ambayo mhakiki wa sanaa Mjerumani Franz Roh aliitumia mwaka 1925 akijadili uchoraji, lakini ni shule nzuri. Gregor Samsa anaamka akiwa mdudu mkubwa, na kinachomhangaisha ni kwamba imeshafika saa kumi na mbili na nusu, ilhali treni yake ni ya saa kumi na moja alfajiri. Aliyewahi kukesha na mizigo stesheni ataielewa hofu hiyo kabla hajauelewa huo mdudu. Punde karani mkuu wa kazini kwake anafika nyumbani kudai maelezo. Kwetu, iwe Ujiji au Tabora mjini, swali la kwanza lingekuwa nani kamroga. Pale hakuna anayechunguza chanzo, na familia inahesabu fedha. Swali lisiloulizwa ndipo mahali pa kuweka alama kwa penseli.

Ama moyo ukichafuka, usifunge kitabu mara moja. Rudia sentensi iliyokuchafua na utafute neno lililofanya kazi hiyo, kwa maana damu nyingi aghalabu haitishi kama jambo dogo lililoelezwa kwa lugha kavu: baba anamrushia Gregor matofaa, moja linazama mgongoni mwake, na linabaki humo humo likioza. (Mimi nilikisoma baada ya umeme kukatika, kwa tochi ya simu, barazani, taa za wavuvi zikimetameta ziwani, kesho yake niliushindwa mgebuka uliokuwa ukinitazama kutoka kwenye sahani. Ni heri kusoma mchana, tena si karibu na chakula.)

Riwaya ikiwa ndefu, andika daftarini ni kiungo gani kimebadilika, ukurasa gani, na nani aliyeona. Ukikuta mwili umebadilika mara tatu bila shahidi, anza kumtilia shaka msimulizi.

Anayetaka kujizoeza kwa Kiswahili aanze na Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi. Kitisho chake si cha mwili hasa, ila zitamzoesha ulimwengu usiojieleza, na kwa kuwa ni fupi anaweza kuzisoma mara mbili.

Ukimaliza, irudie sura ya kwanza peke yake, polepole, ukitafuta mwasho, jino linalolegea au ukucha uliobadilika rangi, ambao mara ya kwanza uliupita ukidhani ni maelezo ya kawaida tu.